Kipimo cha DNA cha uhamiaji: kwa nini majibu uliyo nayo mkononi hayasaidii

Watu wanaoomba wake na watoto wao wawafuate Marekani wamezoea kusema, "DNA tumeshapima, majibu ninayo." Wengine wamelipa fedha nyingi kuyapata. Inaniuma kila ninaposikia, kwa sababu majibu ya namna hiyo afisa wa viza hayapokei.

Kipimo cha DNA cha uhamiaji ni kulinganisha vinasaba vya watu ili kuthibitisha undugu wa damu uliotajwa kwenye maombi, pale vyeti vinapokosekana au kutiliwa shaka. Ni hiari, ubalozi hupendekeza tu, na gharama ni za familia.

Kazi ya maabara haina tofauti kubwa na ile ya vipimo vinavyouzwa mtandaoni: kijiti chenye pamba kinasuguliwa ndani ya shavu, basi. Tofauti iko kwenye swali ambalo maabara haiwezi kulijibu kwa kutazama pamba: hii sampuli ni ya nani? Vinasaba vinaweza kuonyesha kwamba sampuli mbili ni za mama na mwanawe, lakini haviandiki jina la mtoto. Kama mlijisugua wenyewe sebuleni mkatuma kwa posta, hakuna anayeweza kuapa kwamba shavu lile lilikuwa la mtoto aliyetajwa kwenye fomu. Ni kama mtihani wa taifa uliofanyiwa nyumbani: hata ukipata alama zote, hakuna msimamizi aliyekuona.

Ndiyo maana kwa Marekani njia ni moja. Ubalozi au idara ya uhamiaji ikishapendekeza kipimo, aliye Marekani huchagua maabara yenye ithibati ya AABB, chama cha Marekani kinachokagua ubora wa maabara za aina hii. Maabara hutuma vifaa moja kwa moja ubalozini, si kwa shangazi aliyeko Dar es Salaam. Mtoto huchukuliwa sampuli mbele ya shahidi, utambulisho wake ukiwa umehakikiwa, na majibu hurudi kwa maofisa bila kupitia mikononi mwa familia. Kwa mzazi na mtoto, uwezekano unaotakiwa ni angalau asilimia 99.5, Kanada hutaka 99.8. Lakini hata 99.99 ya kipimo cha nyumbani haiingii kwenye hesabu hiyo.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Vinasaba vilipotumika mara ya kwanza katika kesi ya uhamiaji, Uingereza mwaka 1985, Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester alisaidia kuonyesha kwamba kijana aliyetoka Ghana alikuwa mwana wa mama yake, wakati maofisa walishuku kuwa ni mtoto wa dada wa mama huyo. Kwetu wengi, mtoto wa dada ni mtoto wako. Kwa vinasaba siye. Mwaka 2008 Marekani ilijaribu kipimo hiki jijini Nairobi kwa wakimbizi wapatao 500, wengi wao Wasomali na Waethiopia, waliotaka kuwafuata ndugu zao. Baadaye upimaji ulipanuliwa hadi nchi nyingine za Afrika, na kwa jumla familia ambazo undugu wote uliotajwa ulithibitishwa hazikufika asilimia 20. Kwingine majibu yalikataa au watu hawakukubali kupimwa. Mpango wa kuwaruhusu wakimbizi hao kuwafuata ndugu zao ulisimamishwa hadi 2012. Siamini kwamba wote walikuwa walaghai. Vita huacha yatima, na yatima hulelewa na yeyote aliyebaki.

Kwa hiyo tusiseme "DNA imemkataa mtoto." Kipimo kiliulizwa nani alimzaa, na hicho ndicho kilichojibu. Kama unamlea mtoto wa marehemu kaka yako, andika hivyo tangu fomu ya kwanza, kisha uliza ni masharti gani yanamhusu. Aliyeasiliwa huthibitishwa kwa hati za kuasili. Mtoto wa kambo, kwa Marekani, huthibitishwa kwa cheti cha ndoa iliyofungwa kabla hajatimiza miaka 18, pamoja na uthibitisho kwamba ni mtoto wa mwenzi wako. Vinasaba vyako wewe havihusiki hapo.