Sikiliza Kwato, Ndipo Ubonyeze

Mwenye farasi akiletewa picha aliyopigwa akiruka kiunzi, hauangalii uso wake kwanza. Anaangalia masikio ya farasi. Yakiwa yamesimama na kuelekea mbele, anatabasamu. Yakiwa yamelala nyuma, hata mwanga uwe mzuri namna gani, picha hiyo hainunui. Halafu macho yanashuka kwenye miguu ya mbele: magoti yamekunjwa yakalingana, au mguu mmoja unaning'inia? Mwisho kabisa ndipo anajitazama yeye: visigino viko chini, kichwa kinaangalia kiunzi kinachofuata, mikono imeifuata shingo ya farasi au imevuta hatamu?

Nimepiga picha za mashindano ya kuruka viunzi hapa Nairobi kwa miaka kadhaa, mengi yakiwa Jamhuri Park, na ninaandika haya kwa sababu kila msimu naona vijana wenye kamera bora kuliko yangu wakirudi nyumbani na mamia ya picha zisizofaa. Tatizo huwa si kamera. Ni pale walipokaa, na kutojua farasi ataruka lini.

Kabla ya mashindano kuanza, wapanda farasi huruhusiwa kuingia uwanjani wakakague viunzi kwa miguu. Omba ruhusa uingie nao. Utawaona wakihesabu kwa hatua ndefu, karibu sentimita 90 kila moja, kwa sababu hatua nne kama hizo ni sawa na hatua moja ya farasi anayekwenda shoti, yaani mita 3.6 hivi. Nami huhesabu. Nikikuta viunzi viwili vilivyofuatana vina nafasi ya hatua moja tu ya farasi katikati, najua sitapata muda wa kugeuza lenzi. Nachagua kimoja na cha pili nakiacha. Tazama pia vibendera: chekundu huwa kulia kwa mpanda farasi na cheupe kushoto kwake. Ukisimama mbele ya kiunzi ukaona chekundu kiko kushoto kwako, basi farasi atakuja kukuelekea wewe. Hapo ndipo unapotaka kuwa, ila usikae sawa na katikati. Sogea pembeni kiasi cha kuona kifua, ubavu na miguu yote ya mbele bila nguzo za kiunzi kuikata.

Mimi hupenda kiunzi kipana, kile chenye miti ya mbele na ya nyuma. Kile kilichosimama wima humfanya farasi apande juu na kushuka haraka, lakini kipana humlazimu ajinyooshe, mgongo ukajikunja kama upinde, na picha inajaa.

Sasa hesabu kidogo. Katika mashindano ya kimataifa kasi inayotakiwa huwa kati ya mita 350 na 400 kwa dakika. Chukua mita 375: ni zaidi kidogo ya mita 6 kwa sekunde. Shata, kile kipazia cha kamera kinachoingiza mwanga, ikifunguka kwa 1/250 ya sekunde, farasi amesogea sentimita 2.5, na macho yake yote ni ukungu. Kwa 1/1000 amesogea milimita 6. Mimi sishuki chini ya 1/1000, na mwanga ukiruhusu napanda hadi 1/1600. Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini kubonyeza mfululizo hakutoshi. Kamera inayopiga picha kumi kwa sekunde humwacha farasi asogee zaidi ya nusu mita kati ya picha moja na nyingine. Ule wakati mzuri unaweza kuangukia katikati, ukapotea.

Aliyenifundisha kuupata ni mzee mmoja saisi, yaani mtunza farasi, mtu aliyeishi na farasi maisha yake yote. Aliniona nikihangaika akaniambia, "Kijana, fumba macho kwanza." Nikafumba. Shoti ina mapigo matatu, kisha kimya kifupi, kisha matatu tena. Farasi akikaribia kiunzi mapigo yanabana, kwato za nyuma zinagonga ardhi karibu pamoja, kisha kimya kirefu. Kimya hicho ndicho mruko wenyewe. Tangu siku ile nabonyeza kwenye lile pigo la mwisho la kwato za nyuma. Nikisubiri nione kwa jicho, nimechelewa.

Kutua sipigi sana. Uzito wote unashukia miguu ya mbele, mpanda farasi anatikiswa, na mara chache sana mmoja wao anapendeza hapo.

Kuhusu mikono ya mpanda farasi, ina historia yake. Zamani mtu akiruka aliegemea nyuma na kuvuta hatamu. Federico Caprilli, ofisa wa jeshi la Italia aliyefariki mwaka 1907, ndiye aliyefundisha kwenda mbele pamoja na farasi na kumwachia shingo yake. Kwa hiyo picha ya farasi aliyevutwa lijamu, kile chuma cha mdomoni, hadi mdomo umeachama siiuzi, hata kama mruko ulikuwa mkubwa.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Msimu wangu wa pili nilikuwa nimechutama nyuma ya kiunzi cha mwisho, manyunyu yakaanza. Msichana mmoja alikuwa anakuja, hajaangusha mti hata mmoja. Nikainua koti la mvua la njano nifunike lenzi. Farasi akatupa kichwa juu, akakaza miguu, akasimama kifua kikigusa miti. Pointi nne za makosa. Alizunguka, akaruka, akamaliza. Baadaye akanifuata: "Kaka, farasi wangu alikuona wewe, hakuona kiunzi." Nikamwomba radhi, na alikuwa na haki kabisa. Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa. Huona karibu pande zote, na kitu kinachochomoka ghafla humshtua. Kaa mahali pako kabla farasi wa kwanza hajaingia, vitu vyote viwe karibu na mkono, flashi izimwe, na usijitikise mpaka apite.

Mwanga wa kwetu una shida yake. Saa sita mchana jua liko utosini, na ukingo wa kofia unafunika uso wote kwa kivuli. Nategemea asubuhi hadi saa nne, kisha saa kumi hivi. Mchana nikilazimika, natafuta kiunzi kilicho kwenye mchanga mweupe, maana mchanga hurudisha mwanga chini ya kofia. Mipangilio ya mwanga naiweka kwa mkono. Nikiiachia kamera, farasi mweusi anatoka kijivu na mweupe pia anatoka kijivu.

Viunzi vikiisha huwa naenda kwenye mazizi. Yule mzee hupokea hatamu na, kabla ya kitu kingine, hupitisha kiganja mguu mmoja baada ya mwingine, kutoka gotini hadi kwatoni, akitafuta joto. Hapo nashusha shata hadi 1/125, maana wote wawili wametulia. Picha hizo hakuna anayeziagiza. Nazichapisha na kumpelekea yeye.