Maana ya Fasihi na Nafasi Yake katika Utamaduni

Fasihi ni sanaa itumiayo lugha kuwasilisha fikra, hisia na tajriba za binadamu. Lugha peke yake haitoshi, kwa kuwa tangazo la mnada na hati ya kiwanja navyo huandikwa kwa lugha. Kinachoitofautisha fasihi ni ufundi wa kuteua na kupanga maneno, hata namna ya kusema ikawa sehemu ya kile kinachosemwa.

Wanafunzi wengi huanza somo hili kwa kukariri kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Kauli hiyo si potofu, ila inaishia njiani, maana kioo huonyesha tu, ilhali fasihi huishi ndani ya mila za watu na huzitegemea ili ieleweke. Chukua kitendawili "Kuku wangu katagia mibani", ambacho jibu lake ni nanasi. Asiyewahi kuona nanasi likichomoza katikati ya majani yake yenye miba hatakitegua kwa urahisi, hata kama anajua maana ya kila neno. Tena maneno hayo hayatamkwi hivi hivi. Mtegaji hutangulia kuita "Kitendawili!", hadhira huitikia "Tega!", na ikishindwa hudaiwa mji, ikishampa, tuseme Mombasa au Tabora, ndipo naye hutoa jibu, aghalabu baada ya kujitapa jinsi alivyopokelewa huko. Vitabu vingi vya shule huorodhesha vitendawili na majibu yake, na kwa kufanya hivyo huhifadhi maneno huku vikiuacha nje mchezo wenyewe.

Kwa kawaida fasihi hugawanywa kuwa simulizi na andishi, lakini mpaka huo si ukuta. Utendi wa Mwana Kupona, shairi refu lililotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu wa kisiwa cha Pate, katika pwani ya Kenya, kumuusia bintiye, umehifadhiwa katika miswada ya herufi za Kiarabu. Hata hivyo, kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane, yaani silabi nane kila kimoja, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja, yaani mwisho wenye sauti inayofanana, na cha nne kikibeba kina kinachorudi utendi mzima, mpangilio unaorahisisha kukariri na kughani. Wasia huo unahusu dini, adabu na unyumba, na wahakiki wamebishana kuhusu utiifu ambao mke anatakiwa kuuonyesha kwa mumewe. Ubishi huo ni wa haki, mradi mhakiki ajue kwanza jamii ya kisiwa hicho ilimtarajia nini mwanamke wa ukoo wenye hadhi.