Je, wajua kwa nini kocha wa mpira wa kikapu wa Syracuse aling'ang'ania ulinzi wa 2-3?

Jim Boeheim alifika Chuo Kikuu cha Syracuse, jimboni New York, mwaka 1962 akiwa mwanafunzi. Akachezea timu ya chuo ya mpira wa kikapu, 1969 akawa kocha msaidizi, 1976 akakabidhiwa timu, na hakuiachia hadi Machi 2023. Ni misimu 47 kwenye benchi moja. Katika muda huo wachezaji walipita kizazi baada ya kizazi na mstari wa pointi tatu ukaingia (1986), lakini jina lake likazidi kufungamana na zoni ya 2-3, yaani ulinzi wa maeneo wenye wawili mbele na watatu nyuma. Iweje mpinzani ajue fika kinachomsubiri, na bado anase?

Mpangilio wenyewe ni mwepesi. Gadi wawili, yaani wachezaji wa nje, wanasimama juu, mbele kidogo ya mstari wa mitupo huru. Fowadi wawili, wachezaji wa pembeni, wako chini, kushoto na kulia. Senta, mchezaji wa kati, yuko katikati, mbele ya kikapu. Kila mmoja analinda eneo, si mtu. Hata timu ya sekondari inaweza kujipanga hivyo kwa dakika kumi.

Kazi iko kwenye kuhama. Mpira ukitua ubavuni mwa uwanja, fowadi wa Syracuse hupanda mbio kuziba mtupo, kisha gadi anafika na kumwachilia arudi chini. Akichelewa sekunde moja, kona iko wazi. Mpira ukienda konani, fowadi anamtokea mwenye mpira, senta anateleza upande huo kufunga njia ya kikapuni, na fowadi wa upande wa pili anaingia katikati kujaza pengo. Watano wote wanahama kwa kila pasi, mikono juu. Mkono ukishuka, pasi inapita.

Ndiyo maana Boeheim alipenda wachezaji wenye mikono mirefu, hasa kule juu. Msimu wa 2012-13 gadi wake walikuwa Michael Carter-Williams, sentimita 198, na Brandon Triche, 193. Timu nyingi za vyuo hazina gadi wa urefu huo, na hapo ndipo mtego ulipo. Katika mashindano ya Machi ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, timu ikishinda Alhamisi inacheza tena Jumamosi, yaani ina siku moja tu ya kujiandaa. Kocha mpinzani anawapanga wachezaji wake wa akiba waigize zoni ya Syracuse mazoezini, lakini hawezi kuwarefusha mikono. Pasi inayopita Ijumaa inanaswa Jumamosi. Mwaka 2013 Montana iliambulia pointi 34, Indiana 50, na Marquette 39 katika mechi ya kuwania kuingia nusu fainali.

Sababu nyingine ni saa. Sheria za NCAA zinaruhusu saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, na anayefundisha ulinzi wa aina mbili anazigawa. Boeheim naye kwa miaka mingi alichanganya zoni na mtu kwa mtu, ambapo kila mlinzi anamfuata mpinzani wake. Novemba 2009, katika mechi ya kirafiki, Syracuse ilifungwa 82-79 na Le Moyne, chuo kidogo cha mji huohuo. Baada ya hapo aliegemea zoni karibu moja kwa moja, na timu ile ikamaliza msimu na ushindi 30.

Ubingwa wake pekee ulikuja 2003, na zoni ndiyo iliyouokoa. Sekunde za mwisho Syracuse inaongoza 81-78, Michael Lee wa Kansas yuko peke yake konani na mpira wa kusawazisha. Hakim Warrick, aliyekuwa ndani karibu na kikapu, alitoka kwa hatua ndefu na kuupiga mtupo ule nje ya uwanja.

Hata hivyo zoni hii ina tundu, nalo liko kwenye mstari wa mitupo huru. Mweke pale mtu mrefu anayejua kutoa pasi, senta atabaki njia panda: akipanda, nyuma kunabaki wazi, asipopanda, anatupiwa kikapu cha karibu. Nusu fainali ya 2013 Mitch McGary wa Michigan alisimama hapohapo akatoa asisti 6 (pasi zinazozaa vikapu), na Syracuse ikalala 61-56. Ribaundi, yaani kuudaka mpira uliokosa kikapu, nazo ni tatizo, kwa kuwa mlinzi wa eneo hana mtu maalumu wa kumzuia mtupo ukikosa.

Wasomaji wa Tanzania huenda wanaikumbuka Syracuse kwa usiku wa 12 Machi 2009, ilipoifunga Connecticut ya Mtanzania Hasheem Thabeet 127-117 baada ya vipindi sita vya nyongeza.

Rekodi rasmi ya Boeheim ni ushindi 1,015. Mwingine 101 NCAA iliufuta mwaka 2015 kwa ukiukaji wa kanuni. Mstari wa pointi tatu uliposogezwa hadi mita 6.75 msimu wa 2019-20, eneo la kulinda lilipanuka, na kwa maoni yetu hilo liliiumiza zoni kuliko kocha yeyote. Msimu wa 2021-22 ulikuwa wa kwanza kwake kupoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Mrithi wake, Adrian Autry, aliyewahi kuichezea timu hiyo kabla ya kuwa msaidizi wake, alirudisha ulinzi wa mtu kwa mtu.