Deni la Kenya: nani hasa anatudai?

Kwenye matatu, kwa kinyozi, hata matangani, deni la taifa likitajwa jibu ni lile lile: "Wachina wametumaliza." Jibu hilo huniuma, maana linatuficha mdai aliye karibu nasi zaidi.

Zaidi ya nusu ya deni hili limekopwa humu humu nchini, kwa shilingi, serikali ikiuza hatifungani, yaani hati za kuikopesha ambazo huzilipa baadaye pamoja na riba. Wanunuzi wakubwa ni benki, kampuni za bima na mifuko ya pensheni. Yule mwalimu anayekatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya uzeeni, naye anaidai serikali, ajue asijue. Kwa mikopo ya nje, anayetudai zaidi ni Benki ya Dunia. China inaongoza miongoni mwa nchi, na mikopo ya reli ya SGR ni mzigo kweli, lakini si peke yake.

Ndiyo maana wanaosema "tukatae tu kulipa" nawaomba watazame Ghana. Desemba 2022 serikali yake ilisimamisha malipo ya sehemu kubwa ya deni la nje, na wenye hatifungani za ndani wakatakiwa kukubali masharti mapya, mabaya kuliko ya awali. Februari 2023 wastaafu walikwenda na mabango kupiga kambi kwenye wizara ya fedha jijini Accra, wakidai akiba zao zisiguswe. Sophia Akuffo, aliyekuwa Jaji Mkuu, alikuwa miongoni mwao. Serikali ililazimika kuwaondoa wastaafu kwenye mpango huo.

Wengine husema Benki Kuu ichapishe noti, yaishe. Zimbabwe ilichapisha mpaka ikafika noti ya dola trilioni 100 za Zimbabwe, na mshahara wa mwezi ukawa haununui kitu.

Dhana inayonisumbua kuliko zote ni kwamba shilingi ikishuka, wanaoumia ni waagizaji wa magari tu. Piga hesabu. Mwaka 2014 Kenya iliuza hatifungani za miaka 10 za dola bilioni 2, wakati dola ikiwa karibu shilingi 90: bilioni 180. Januari 2024 dola ilikuwa imegonga takriban 160. Deni lile lile, bila kukopa hata senti zaidi, likawa bilioni 320, na kodi zetu zinakusanywa kwa shilingi.

Februari 2024 serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kununua sehemu kubwa ya deni hilo la zamani, lililokuwa na riba ya asilimia 6.875. Shilingi ikapata nguvu, dola ikarudi karibu 130. Lakini riba mpya ilibaki pale pale, na miezi michache baadaye Muswada wa Fedha ukaja na pendekezo la kutoza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate.