Dhahabu ya kwanza ya Kenya haikuwa ya Keino

Kipchoge Keino aliingizwa mwaka 2012 katika Ukumbi wa Umaarufu wa riadha duniani, na anastahili. Ila wengi bado humvika sifa isiyo yake: eti ndiye Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Aliyetangulia ni Naftali Temu, mita 10,000, Mexico City, tarehe 13 Oktoba 1968. Keino mwenyewe alikuwemo katika mbio hizo. Maumivu ya nyongo yakamtoa nje ya mstari ikiwa imebaki mizunguko michache tu. Siku tatu baadaye Amos Biwott akashinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Ushindi wa Keino, mita 1,500, ulikuja tarehe 20: dhahabu ya tatu. Na medali ya kwanza kabisa? Shaba ya Wilson Kiprugut, mita 800, Tokyo 1964.