Mama wa mbali usimwambie "rudi Alhamisi"

Nianze na kadi. Ilikuwa imefungwa kwenye mfuko wa sukari, ile kadi ya kliniki ya mtoto, pembeni imelowa kidogo, na mama aliyeileta alikuwa ameshuka mlimani tangu alfajiri na mtoto mgongoni anayekohoa, macho mekundu yanachuruzika, vipele vimeanzia nyuma ya masikio vimeshafika kifuani. Surua ukiiona mara moja huisahau tena. Nikafungua kadi, BCG ya kuzuia kifua kikuu ipo, matone ya polio yapo, penta zote tatu, ile chanjo moja ya magonjwa matano, zipo, nikasema huyu mama mbona anafuatilia vizuri tu. Surua rubella hakuna. Na pale pa tarehe ya kurudi pameandikwa kwa kalamu ya bluu, na mwandiko ni wangu mimi.

Mi ni nesi, kazi yangu kubwa ni chanjo, nimeanzia zahanati moja chini ya milima ya Usambara na sa hivi nazunguka zaidi na huduma ya mkoba, yaani kuwafuata watu na chanjo huko waliko, huku Mkinga mkoani Tanga, bonde la Umba kuelekea mpaka wa Kenya. Watu wananiuliza sana kwa nini vijijini watoto hawamalizi chanjo, na wengi wakiuliza wana jibu lao tayari mfukoni, kwamba wazazi hawana elimu, wana imani potofu, hawataki. Wapo wa hivyo, sikatai. Lakini kwa miaka yote niliyokaa, mama aliyenikatalia chanjo usoni nawahesabu kwa vidole, ila akina mama tuliowarudisha sisi wenyewe siwezi kuwahesabu.

Sasa nieleze ilikuwaje, maana hapa ndipo penye shida yenyewe na nje ya wahudumu wa afya ni watu wachache wanaijua.

Chanjo ya surua rubella inatolewa miezi 9 na inarudiwa miezi 18. Inakuja kama unga mkavu kwenye kichupa, na hicho kichupa tunachotumia sisi kina dozi 10. Ukitaka kuchanja unachanganya na maji yake maalumu, na ukishachanganya tu saa zimeanza kuhesabu, una saa 6, zikiisha unamwaga hata kama umechanja mtoto mmoja. BCG ndo zaidi, kichupa kimoja dozi 20. Siyo kama penta au matone ambayo ukifungua na ukatunza vizuri kwenye baridi unaweza kuendelea nayo mpaka siku 28, hizi mbili hazina dawa ya kuzuia vijidudu ndani yake, kwa hiyo vijidudu vikiingia vinakua. Na hili siyo suala la kujaribu bahati. Mwaka 2017 Sudan Kusini walikufa watoto 15 kwenye kampeni ya surua kwa sababu sindano moja ya kuchanganyia ilitumika kwa vichupa vingi na chanjo zilikaa siku kadhaa bila ubaridi. Watoto 15, wazazi wao waliwaleta wakalindwe. Kwa hiyo yule anayeniambia "si ungeiweka tu hadi kesho dada", hapana, haiwekwi.

Basi yule mama alikuja siku ya kwanza mtoto ana miezi 9 na siku chache, yuko peke yake. Na pale zahanati tulikuwa tumeshasemwa kwenye kikao kwamba tunapoteza dozi, vichupa vinaisha haraka kuliko watoto, kwa hiyo tukajiwekea utaratibu wetu, siku ya surua ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi, watoto wakusanyike ndo tufungue. Kwa mama anayekaa karibu na barabara hiyo siyo shida, anarudi. Huyu anatembea saa tatu kushuka, kupanda ni zaidi, ana mtoto mwingine mkubwa amemwacha kwa bibi. Nikamwambia kwa upole kabisa, "mama, leo hatufungui, rudi Alhamisi tarehe fulani," nikaandika. Akasema haya dada ahsante. Wala hakulalamika, na mtu wa huku halalamiki, atasema ahsante afu anaondoka.

Alhamisi hiyo masika yalikuwa yameshika, njia ya mlimani utelezi tupu, hakuja. Mwezi uliofuata ndo palizi. Baadae akadhani muda umeshapita, kwamba mtoto akivuka miezi 9 hapati tena, na hakuna aliyemwambia vinginevyo. Mpaka siku hiyo aliporudi na surua yenyewe.

Mtoto alipona. Tulimpa vitamini A siku ile na kesho yake, walilala kwa shangazi yake pale chini, macho yakasafishika, ila alikonda sana na ilimchukua muda kurudi sawa. Surua haiishii kwenye vipele, inaangusha kinga ya mwili, mtoto anaweza kupata nimonia au kuhara wiki zinazofuata na hicho ndo kinachoua wengi. Na inavyoambukiza hakuna mfano, mgonjwa mmoja kwa watu wasio na kinga anaweza kuambukiza 12 hadi 18, ndo maana tunaambiwa wawe wamechanjwa 95 katika kila 100 ndiyo isipate njia.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu hili uko wazi, fungua kichupa hata kwa mtoto mmoja. Dozi zitakazomwagwa zinatakiwa ziwe zimeshahesabiwa kwenye oda toka mwanzo, siyo kosa la nesi. Zahanati yenye watoto wachache itamwaga nyingi, ndivyo hesabu ilivyo, haiwezi kulinganishwa na kituo cha mjini ambako foleni inaanzia getini. Tatizo letu lilikuwa tunaagiza kama watu wa mjini afu tunaogopa kuulizwa. Siku tulipoanza kuagiza kwa kuhesabu na zile za kumwaga, na mkubwa wetu wa kazi akakubali kusaini, ile Alhamisi ya mwisho wa mwezi ikafa yenyewe. Vipo pia vichupa vya surua rubella vya dozi 5, kwa sehemu kama zetu ndivyo ningetamani vije, na kuna kiraka cha kubandika kwenye ngozi bila sindano ambacho kilijaribiwa kwa watoto kule Gambia na majibu yake yalitoka 2024 yakiwa mazuri. Nakisubiri hicho kiraka kwa hamu, ila mtoto wa leo hasubiri.

Na kwa anayesoma hapa mwenye mtoto aliyechelewa: mlete. Haturudii mwanzo, tunaendelea pale alipoishia, tukiacha wiki 4 kati ya dozi na dozi. Mafua madogo au joto dogo hayazuii. Kadi ikipotea njoo hivyo hivyo, tutatafuta kwenye rejista, na Tanga ni moja ya mikoa ya mwanzo kuwekewa rejista ya kielektroniki ya chanjo baada ya Arusha, inatusaidia sana kwa watoto wanaohamia kwa bibi. Chanjo ni bure, mtu akikudai hela uliza ya nini.

Sasa tuje kwenye mkoba, maana hata ukifungua kichupa kwa mtoto mmoja bado yupo ambaye hafiki kabisa kwako. Huyo ndo tunamwita hajapata hata dozi moja, na huyo ukimtafuta unamkuta sehemu zile zile, mbali na zahanati, ng'ambo ya mto, au boma la wafugaji ambalo mwezi ujao halipo pale.

Huduma ya mkoba inaonekana rahisi, unabeba kibebeo cha chanjo kwenye bodaboda, unaning'iniza mizani kwenye tawi la mwembe, unaanza. Lakini watu wengi wanaogopa joto tu, wanasahau kwamba baridi nayo inaua chanjo. Kiwango ni nyuzi 2 mpaka 8. Penta ikiganda imekwisha, na ukiitazama inaonekana nzima kabisa. Kwa hiyo pakiti za barafu zikitoka kwenye friza huziweki moja kwa moja, unaziacha nje mpaka uzitikise usikie maji yanacheza ndani, ndo unapanga. Nimeshaona mtu ana haraka, bodaboda inapiga honi, kapakia barafu ngumu kama jiwe ubavuni mwa penta, afu kijiji kizima kimechanjwa maji. Ukiwa na wasiwasi unafanya kipimo cha kutikisa, unachukua kichupa kimoja cha aina hiyo hiyo unakigandisha makusudi, kikiyeyuka unavitikisa vyote viwili unaviweka chini, kama hicho unachokishuku nacho kinatuama haraka sawasawa na kile kilichoganda basi kimekufa. Kwa joto ni rahisi zaidi, kwenye kichupa kuna duara lenye kimraba ndani, kimraba kikishafanana rangi na duara au kuzidi weusi, usitumie. Zahanati zenye friji za sola zile zisizo na betri zimetupunguzia sana, zamani ukienda unakuta mtungi wa gesi umeisha na chanjo zimehamishiwa kituo kingine.

Jambo jingine linaloua mkoba ni kutotokea. Umetangaza msikitini, umempigia mwenyekiti wa kitongoji, akina mama wameacha shamba wamekaa chini ya mwembe toka saa 2 asubuhi, na wewe hela ya mafuta haijatoka. Kwako ni ratiba imeahirishwa, kwao ni mara ya mwisho wanakuamini. Mi nilishasema bora tupange sehemu mbili tufike zote mbili kuliko tano tufike tatu. Tulibishana sana kwenye hili, wenzangu wanaona idadi ya vituo inapungua kwenye karatasi, lakini mama mmoja aliniambia "nyie mnakuja kama mvua za siku hizi," na sikuwa na cha kumjibu.

Uzoefu wa kampeni nao umetufundisha kitu. 2022 polio ilipopatikana Malawi, nchi jirani zote tukaingia nyumba kwa nyumba, matone kwa kila mtoto chini ya miaka 5, na tulifika sehemu ambazo chanjo za kawaida hatujawahi kufika. Njia kumbe ipo! Tukapita tunadondosha matone mawili mdomoni, tunaweka alama kidoleni, tunaandika mlangoni, tunaondoka, na mtoto tuliyempa matone hana penta hata moja na sisi penta hatukubeba. Mi nilianza kuandika majina yao kwenye daftari langu pembeni. Lile daftari ndo limekuwa ramani yangu ya mkoba mpaka leo, na WAJA, wale wahudumu wa afya ya jamii wa vijiji vile, wanaliongezea kila mwezi, nani kajifungua, nani kahama, nani karudi kwao Kenya kwa muda.

Humo kwenye daftari ndipo nilipogundua habari ya mnada. Wafugaji wengi hawakuwepo nyumbani siku tunazokwenda, lakini siku ya mnada wa ng'ombe wote wako pale, baba anauza, mama anauza maziwa na shanga, mtoto mgongoni. Tunawafuata mabomani wakati wenyewe wameshatukusanyikia. Na wafugaji hawahitaji kuelezwa chanjo ni nini, mzee anajua homa ya mapafu ya ng'ombe, anajua chambavu, anajua kabisa kwamba unachanja mnyama akiwa mzima. Chad walishafanya hivi mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari wa mifugo na nesi kwenye msafara mmoja, ng'ombe wanachanjwa huku na watoto huku, na watoto wa wafugaji wakafikiwa ambao hawajawahi kuchanjwa. Hapa sisi tulianza kwa kumwomba tu afisa mifugo atupe kona ya kivuli.

Mnada wa mwisho niliokwenda, jua limeshakuwa kali, nilikuwa nafunga vitu. Wa surua tulipata watoto 7 na muda wa kichupa ulikuwa unakaribia kuisha. Akaja mzee wa Kimaasai na fimbo yake, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akakaa kwenye gogo kimya kidogo. Afu akauliza kwa Kiswahili cha taratibu kama tunachanja na waliozaliwa jana. Nikamwambia ndiyo, hao hasa ndo tunawataka, BCG begani na matone ya kwanza. Akasema mkwewe kajifungulia bomani usiku wa kuamkia juzi, yuko pale nyuma ya mti wa mkwaju, ana aibu kuja kwenye watu. Nikauliza ni mtoto mmoja? Akasema mmoja.

BCG ilikuwa bado haijafunguliwa siku ile, kichupa kizima dozi 20. Nikachukua kibebeo nikaenda mwenyewe mpaka kwenye mkwaju. Binti mdogo, hata miaka 20 sidhani, mtoto kamfunika na shuka nyekundu. Nikachanganya, nikamchoma bega la kulia, akalia kidogo afu akanyamaza kwenye ziwa. Nilipokuwa naandika kadi wakaja wengine wawili, sijui walikuwa wamekaa wapi siku nzima, mmoja ana wiki tatu mwingine mwezi na kidogo, nao hawakuwa na kovu begani.

Kwenye daftari nikajaza: BCG, dozi zilizofunguliwa 20, waliochanjwa 3. Mnada unaofuata ni Jumamosi ya wiki ijayo, na kwenye oda nimeandika vichupa viwili.