Kinyama kimeshaonyesha saratani ya tumbo, kinapimwa tena cha nini?

Wagonjwa wengi wa saratani ya tumbo huku Kanda ya Ziwa huanzia duka la dawa. Miezi inakatika wakimeza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa kudhani ni vidonda, mpaka chakula kinakataa kushuka au choo kinakuwa cheusi kama lami. Wakishapigwa kamera ya kumezwa, kikachukuliwa kipande kidogo cha uvimbe, yaani kinyama, na majibu yakatoka, ndugu huja na maswali haya.

Majibu yamesema saratani. Kwa nini daktari anataka kinyama kipimwe tena?

Kwa sababu saratani ya tumbo si ugonjwa mmoja. Wagonjwa wawili wa vitanda jirani, hatua ileile, dripu zilezile: mmoja uvimbe unanywea, mwingine hautikisiki. Tofauti imo ndani ya seli za uvimbe, na alama zinazoionyesha ndizo tunaziita viashiria. Kimoja kinaweza kudokeza ugonjwa utaendaje, kingine dawa ipi itaugusa.

Ni viashiria gani hivyo?

Kinachoulizwa kwanza ni HER2, protini iliyo juu ya seli na inayoiamuru ikue. Uvimbe wa wagonjwa kama 15 hadi 20 kati ya 100 huwa nayo kupita kiasi. Hao, ugonjwa ukiwa umeshasambaa, huongezewa trastuzumabu, dawa inayoilenga HER2, juu ya tibakemikali. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2010, nusu ya waliopewa dawa hiyo waliishi zaidi ya miezi 13.8, kwa waliopata tibakemikali peke yake ilikuwa miezi 11.1. Kwa mama mwenye mtoto anayesubiri kufanya mtihani wa darasa la saba, miezi hiyo ni mingi. Majibu ya HER2 yakiandikwa 3+, protini ipo ya kutosha. Yakiandikwa 2+, bado hayajakamilika: lazima kinasaba chenyewe cha HER2 kipimwe. Hapo msikubali kuambiwa tu kwamba "iko kidogo".

Cha pili ni MSI, dalili kwamba seli zimepoteza uwezo wa kusahihisha makosa zinaponakili vinasaba. Uvimbe wa aina hii ukiwahiwa kwa upasuaji, mara nyingi mgonjwa huwa na nafuu kuliko wengine. Ila tibakemikali ya kawaida inaweza isimwongezee kitu, wakati dawa za kuamsha kinga ya mwili humfaa zaidi. Vipo pia PD-L1 na klaudini 18.2, protini nyingine za kwenye seli, navyo huongoza uchaguzi wa dawa.

Damu haitoshi?

Haitoshi. CEA na CA 19-9, viashiria vinavyopimwa kwenye damu, hupanda hata kwa magonjwa mengine, na wapo wenye saratani ambao vipimo hivyo viko sawa kabisa. Vinasaidia kufuatilia tiba. Anayekuahidi kugundua saratani ya tumbo kwa tone la damu, usimpe pesa yako.

Kiashiria kikiwa kibaya, ndiyo basi?

Hapana. Hatua ya ugonjwa bado ina uzito kuliko kiashiria chochote. Wagonjwa 232 wa saratani ya tumbo walioonekana hospitali ya Bugando, Mwanza, kati ya 2007 na 2011 walichunguzwa, na walio wengi mno walifika katika hatua ya tatu na ya nne, yaani ugonjwa umeshakwenda mbali. Hilo linaniuma kuliko bei ya dawa yoyote.

Sisi ndugu tufanye nini?

Kilindeni kinyama. Daktari wa kamera huchukua vipande 6 hadi 8, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, kwa sababu HER2 inaweza kuwepo upande mmoja wa uvimbe na isiwepo mwingine. Vinatumbukizwa papo hapo kwenye formalini ya asilimia 10, dawa ya kuhifadhi kinyama, si spiriti wala maji ya chumvi, na vishughulikiwe maabara ndani ya saa 72. Mkikabidhiwa kichupa mkipeleke wenyewe, iwe kwa basi la Sengerema au meli ya Nansio, hakikisheni kina jina na saa kilipochukuliwa.

Maabara hukigandisha kinyama ndani ya kitofali cha nta na kukihifadhi. Ulizeni namba ya kitofali hicho, muiandike kwenye daftari la mgonjwa. Kipimo kingine kikihitajika, kitakatwa humo kama bado kinatosha, bila mgonjwa kumezeshwa kamera mara ya pili.